Nusu ya Pili Itatangazwa

Ilitangazwa kwa spika zote za mji, asubuhi na mapema, kwamba Idara ya Maarifa ya Kila Siku imefanikiwa kuongeza maradufu elimu ya wananchi bila mwananchi yeyote kusumbuliwa kujifunza kitu.

Watu walisimama. Muuza mkaa alitua gunia. Kinyozi aliondoa mashine kichwani kwa mteja ili wote wawili wasikie vizuri. Jambo kama hilo si la kusikiliza huku unanyoa.

Aliyelisoma ni mama mmoja ambaye mji mzima ulimwita Mama Kipaza. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Kila siku ya Mungu alipanda ngazi za Idara mpaka chumba cha juu, akaketi mbele ya kipaza sauti kilichovishwa soksi ya kijani, akakohoa pembeni, akasema, "Je, wajua?" Kisha akasoma jambo moja la lugha, historia au utamaduni, na mji ukawa umejua. Sauti yake haikuwa na haraka wala madaha; ilikuwa sauti ya mtu aliyelea, aliyezika, na ambaye hajawahi kugombana na mwenye nyumba. Mumewe alikwisha tangulia mbele ya haki, na kazi hii ndiyo iliyoinjika sufuria pale nyumbani kwa ajili yake, binti yake mmoja, na wifi yake aliyekuja msibani akasahau kuondoka.

Idara iliendeshwa kwa usawa. Jambo likishaingia kwenye ratiba, hakuna aliyeruhusiwa kulijua mpaka lisomwe. "Kujua kabla ya wenzako," waraka ulisema, "ni kujipendelea." Aliyebainika kujua mapema alisimamishwa nje ya jambo lenyewe. Kama ni la sokoni, nje ya soko. Kama ni la shuleni, nje ya shule. Hapo angekaa mpaka Kamati imthibitishe. Idara ilifafanua kwamba hii si adhabu, maana nje kuna hewa.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, halafu maarifa yakaanza kuisha. Historia iliisha kwanza, kwa sababu iliyobaki iliwahusu watu ambao bado wako madarakani. Lugha ikafuata. Utamaduni ukabaki makombo. Mama Kipaza akajikuta anasoma, "Je, wajua? Kijiko hutumika pia kukorogea." Mji ukanung'unika kwamba hilo ulikuwa unalijua tangu zamani, na walionung'unika kwa sauti wakasimamishwa nje ya majiko yao.

Ndipo Mkurugenzi alipopata wazo. Mkurugenzi alikuwa mtu wa tai fupi na sauti ndefu; hata chumvi aliiomba mezani kwa sauti ya kufungua mkutano. Aliwakusanya wakuu wa vitengo, akachukua methali moja iliyoandikwa kwenye karatasi, akaikata katikati kwa mkasi.

"Hii ilikuwa methali moja," alisema. "Sasa ni ngapi?"

Wakuu wa vitengo walihesabu. Mmoja akahesabu tena kwa ajili ya uhakika.

"Mbili, Mheshimiwa."

"Na gharama?"

"Ileile, Mheshimiwa."

Walipiga makofi mpaka mhudumu wa chai akadhani kuna mtu anastaafu. Mtaani, habari zilipofika, Mkurugenzi akapewa jina la Bwana Nusu, na likamkaa kama koti la kushonewa.

Basi Jumatatu Mama Kipaza alisoma: "Je, wajua? Wahenga walisema, haraka haraka." Akakunja karatasi. "Nusu ya pili itatangazwa."

Mji ukawatii wahenga. Mwokaji alitoa mikate ingali unga. Fundi alimkabidhi mteja suruali ya mguu mmoja, na mteja akaivaa mbio. Dereva wa gari la wagonjwa alimfikisha hospitali mtu ambaye hajaugua bado. Kesho yake iliposomwa "haina baraka", ripoti ya Idara ilisema wananchi wamefundishwa mara mbili, moja ikiwa kwa vitendo.

Ikafuata ya lugha: neno "meza", watu wetu walilipata kwa. Hapo karatasi iliishia. Seremala wa mtaa wa nyuma, mwoga wa kesi, aliacha kabisa kutengeneza meza mpaka ijulikane ni za nani. Familia zikala chini. Iliposomwa "Wareno", seremala akashusha pumzi, maana hakuwa na ugomvi nao.

Kitendawili ndicho kilichoonyesha makucha. Iliposomwa "nyumba yangu haina mlango", Mkaguzi wa Majibu alishuka sokoni. Mkaguzi huyu ndiye pia aliyekuwa dereva wa Mkurugenzi, kwa kuwa bajeti nayo ilikuwa imekatwa katikati. Alikwenda moja kwa moja kwa muuza mayai.

"Mama, umepanga nini hapa?"

"Mayai, baba."

"Hadharani?"

"Sasa baba yangu, niyauzie chumbani?"

"Mama, hilo ni jibu. Umepanga majibu trei kwa trei, na watoto wanapita."

"Mimi sijajibu mtu. Kamuulize kuku."

Muuza mayai alimlilia Mkurugenzi, akapewa kibali cha mdomo auze huku ameyafunika shuka. Kufikia jioni nusu ya soko ilidai kuwa na kibali cha mdomo, cha hili na cha lile. Mkurugenzi akavifuta vyote kwa waraka, akaapa kwamba mdomo wake hautatoa kibali tena. Mama wa watu akasimama nje ya soko na trei zake mpaka mayai yalipotangazwa, wakati ambapo hayakufaa tena kwa tangazo lolote.

Mama Kipaza aliyaona hayo toka dirisha la juu. Alimwomba Mungu amkinge na kiburi, cha kwake na cha wengine, akaendelea kusoma.

Jumatano moja, wiki kadhaa baadaye, alipewa karatasi nyepesi kuliko zote. "Je, wajua? Mgeni afikapo mlangoni husema hodi. Naye mwenye nyumba humjibu." Aligeuza nyuma. Nyuma palikuwa na muhuri tu.

"Nusu ya pili itatangazwa," alisema.

Kufikia mchana mji mzima ulikuwa umesimama milangoni. Wagonjwa walibisha hodi zahanati, muuguzi akawatazama kwa huruma. Fundi bomba alibisha kwenye nyumba iliyojaa maji, akabaki kuyasikiliza yakipanda. Waliojaribu kusema "ingia" waliambiwa hicho ni kisawe. Waliojaribu "pita ndani" waliambiwa ni kisawe chenye maelezo. Bibi mmoja aliyeacha mlango wazi akatazama dari aliandikiwa kosa la kudokeza. Mwizi mmoja alisifiwa na Idara kwa kuingia nyumba ya watu bila kuzalisha swali lisilo na jibu.

Mama Kipaza aliporudi kwake alimkuta wifi yake katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Wifi, nimekusikia kwenye spika."

"Nimesoma nilichoandikiwa."

"Jumamosi wanakuja."

"Najua, wifi."

"Watu wa kijana wanakuja kumposa mtoto wa marehemu kaka yangu. Watafika hapo mlangoni. Watasema nini?"

Mama Kipaza aliweka mkoba chini taratibu.

"Watasema hodi," wifi alijijibu. "Na wewe, mtu wa Idara, unayejulikana mpaka na mbuzi wa mtaa huu, utawaambia nini? Utawakoholea?"

Nyuma ya pazia la chumbani binti alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima.

Halikuwa jambo dogo. Kijana mwenyewe alikuwa fundi baiskeli, mpole, mcha Mungu, na wawili hao walipendana bila kelele. Lakini baba wa kijana alikuwa na nyumba nyingine moyoni, ya mwenye duka la saruji, yenye binti na mlango mpana. Alikubali kuja huku kwa sharti lake: tutabisha mara tatu kama watu wenye adabu, mlango usipojibu, tumekwisha jibiwa. Na kuingia ukweni bila kukaribishwa hakuna afanyaye hivyo ila kuku.

"Acha kazi basi," wifi alisema, kwa sauti ya chini sasa.

"Nikiacha, tutawapa wageni chai ya nini?"

Wifi alikwenda jikoni kuhesabu vikombe.

Alhamisi asubuhi Mama Kipaza alimwona Mkurugenzi, aliyekuwa anasaini nusu ya barua.

"Mheshimiwa, nina ombi juu ya nusu ya pili ya jana. Ile ya hodi."

"Nzuri ile. Nimeikata mwenyewe."

"Jumamosi nina wageni, wanakuja kumposa binti yangu. Naomba isomwe kesho."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kama daktari. "Mama, ile ni nusu adimu. Ni neno moja tu. Tukishalitoa, kwenye hodi hatuna kitu tena."

"Lakini Mheshimiwa, kila mtu analijua."

Kalamu ikasimama. "Nani?"

Mama Kipaza aliyameza maneno yake kama kidonge kisicho na maji. "Hakuna, Mheshimiwa."

"Vizuri. Itasomwa robo ijayo, Kamati ikishakaa."

"Na Kamati inakaa lini?"

"Ingekaa jana. Wajumbe wako hapo koridoni. Wamebisha hodi." Aliutazama mlango. Chini yake vilionekana vivuli vya viatu, na watu wazima walisikika wakikohoa kwa zamu. Kisha akamgeukia. "Na wewe uliingiaje?"

"Nilikufuata mgongoni ulipofungua, Mheshimiwa. Sikubisha."

"Hiyo ni nidhamu," alisema, akarudi kwenye kusaini. "Wavumilie wageni wako. Mgeni wa kweli hachoki kusimama."

Jumamosi Mama Kipaza aliamka, akasali, akakaa juu ya mkeka zaidi ya kawaida yake. Viti viliazimwa kwa jirani na kupitishiwa dirishani, kwa kuwa dirisha lilikuwa bado halijatangazwa. Chai iliiva. Binti aliketi chumbani akichezea ncha ya pazia. Mama Kipaza alikuwa ameshakata shauri, ingawa hakumwambia mtu: hodi ya kwanza na ya pili angeistahi Idara, lakini ya tatu ikigonga angelitamka lile neno, hata akisimamishwa nje ya nyumba yake mwenyewe, na sufuria angemwachia Mungu.

Mtaani, mbele ya karibu kila mlango, alikuwepo mtu aliyesimama tangu Jumatano. Kulikuwa na mpeleka barua. Kulikuwa na yule fundi bomba, aliyehamishiwa nyumba ya pili baada ya ile ya kwanza kukoma kuhitaji fundi. Kulikuwa na mama mkwe mmoja aliyekuja kutembelea, amelikalia sanduku lake, na mkwewe wa kike dirishani akimwangalia kwa masikitiko makubwa sana.

Mawingu yalishuka. Viatu vingi vilisikika vikija. Halafu sauti ikabisha.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya kufungua mkutano. Wifi alimshika Mama Kipaza mkono.

"Wifi, hiyo si sauti ya mkubwa wako?"

Ilikuwa yeye. Kijana alikuwa amewaficha jambo moja tu katika maisha yake, nalo ni kwamba Bwana Nusu ni mjomba wake, ndugu wa mama yake, maana alitaka kuposa kwa amani. Na mzee aliyepangwa kuwa msemaji alikuwa ameamka na mafua, ikabidi mjomba achukuliwe ili msafara uwe na uzito. Mjomba hakuuliza nyumba ni ya nani. Watu wakubwa huambiwa mtaa tu.

Mama Kipaza alifungua dirisha. Hapo nje alisimama Mkurugenzi mwenye tai, nyuma yake baba wa kijana, mama wa kijana, shangazi wawili, na kijana mwenyewe akiangalia vidole vya miguu. Pembeni, mlangoni mwa gari, alisimama dereva ambaye pia ni Mkaguzi wa Majibu.

"Mama," Mkurugenzi alisema. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Basi umesikia nimebisha."

"Nimesikia, Mheshimiwa. Hodi imepokelewa na inafanyiwa kazi."

Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka. Mkurugenzi akatabasamu kama mtu anayemsaidia mwanafunzi. "Hodi," akarudia, polepole.

"Hiyo ni ya pili," alisema baba wa kijana, ambaye alikuwa hahesabu kingine siku hiyo.

"Mama, jibu tafadhali."

"Liko kwenye ratiba, Mheshimiwa. Robo ijayo."

Mama wa kijana akamgeukia Mkurugenzi. "Kaka, hii sheria ni ya nani?"

"Ni ya Idara."

"Na Idara ni nani?"

Mkurugenzi aliichunguza tai yake, akaikuta ipo. "Natoa kibali maalumu cha mdomo," alitangaza.

Dereva alikohoa. "Mheshimiwa, vibali vya mdomo ulivifuta. Baada ya yule wa mayai."

"Basi Kamati ikutane kwa dharura."

"Katibu wa Kamati anakaa mtaa wa pili, Mheshimiwa, lakini atakayemwendea itabidi abishe hodi."

Wote walilifikiria hilo, na mvua ikakaza. Mama mkwe wa nyumba ya jirani alifungua mwavuli wake juu ya sanduku akasema, bila kumlenga mtu, "Mimi tangu Jumatano nafikiria, na bado."

Baba wa kijana alikwisha geuza kiatu kimoja kuelekea barabarani. "Shemeji, bisha ya mwisho twende. Wenye saruji wana baraza pana, mtu halowi."

Ndani, pazia la chumbani lilitikisika. Mama Kipaza alilisikia lile neno likimpanda kooni. Alifungua mdomo. Kisha akamwona Mkurugenzi, maji yakimtiririka puani, naye amefungua mdomo vilevile, akitaka kusema akaogopa, na ghafla akamhurumia, na katika huruma ile akaona njia.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi tangu niajiriwe sijawahi kusema langu. Husoma ninachopewa. Nipe, nami nitasoma."

"Sina karatasi."

"Karatasi italowa. Tamka tu."

Mkurugenzi alimtazama dereva. Akamtazama dada yake, na dada yake alikuwa na ule uso aliokuwa nao tangu wakiwa watoto, kabla hajaanza kumpiga.

"Karibu," alinong'ona.

"Mheshimiwa, tangazo halinong'onwi."

"Karibu."

"Mvua ni kubwa, Mheshimiwa. Huku haifiki."

Ndipo Mkurugenzi wa Idara ya Maarifa ya Kila Siku alipojaza kifua na kuitoa ile sauti yake yote, sauti ya mikutano na ya chumvi. "Karibu," akanguruma, na neno likapita juu ya mabati mpaka mwisho wa mtaa.

"Karibuni," Mama Kipaza akasoma nyuma yake, akafungua mlango.

Milango ikagongana mtaa mzima. Mpeleka barua aliingia. Fundi bomba aliingia na mkoba wake. Mama mkwe alibeba sanduku akaingia kabla mkwewe hajapata neno jingine. Baba wa kijana, aliyelowa mpaka kwenye msimamo wake, alipita wa kwanza, kwa kuwa adabu ilikuwa imetimia na chai ilikuwa inanukia. Shangazi wakafuata, na mama, na kijana mwenyewe.

Mkurugenzi naye aliinua mguu. Dereva akamwekea mkono mbele, kwa heshima zote.

"Samahani, Mheshimiwa. Hao wamelijua lilipotangazwa. Wewe umelijua kabla."

"Mimi ndiye niliyelitangaza."

"Ndiyo maana nasema ulilijua kabla, Mheshimiwa. Na tarehe yake ni robo ijayo. Ni la mlangoni, kwa hiyo ni nje ya mlango." Alisita, maana hakuwa mtu mbaya. "Hewa ipo."

"Mpaka lini?"

"Kamati ikuthibitishe. Nadhani sasa hivi ndiyo wanajaribu kuingia ofisini. Ila ufunguo wa mlango unao wewe."

Dereva aligeukia nyumba. "Hodi," akasema.

"Karibu, baba, uvue viatu," wifi akaitika, na dereva akavua viatu.

Mama Kipaza hakuwa na roho ya kumwacha mtu mvuani. Alimwambia apite, chai inapoa. Lakini "pita" kilikuwa kisawe, na Mkaguzi alikuwa ameketi ndani akitazama nje. Mkurugenzi akabaki. Alipitishiwa kikombe dirishani, nacho kikaongezeka kila alipokinywa, kwa sababu ya mvua.

Kutoka hapo alisikia kila kitu. Msemaji akiwa nje, ilimbidi baba wa kijana aseme mwenyewe, naye hakuwa mtu wa maneno.

"Tumekuja," alisema baba wa kijana. "Kijana wetu. Binti yenu. Basi, mnajua."

"Tunajua," wifi akajibu.

Binti aliitwa, akaulizwa, akaitikia kwa sauti iliyosikika mpaka kwa fundi bomba. Mama Kipaza akainamisha kichwa, akamshukuru Mola wake kimyakimya. Vikombe vikazunguka. Ndipo mtu mmoja alipokumbuka kwamba kuna mjomba nje, na kwa heshima ya ukoo dada yake Mkurugenzi akasogea dirishani.

"Kaka, wote tumekubali. Na wewe mjomba wa mtoto unasemaje, umeafiki?"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Alimwona dereva wake juu ya kiti cha kuazima, kikombe mkononi, akimsikiliza kwa makini ya kikazi. Akaufunga. Akafikiri.

"Jibu langu," alisema, "litatolewa baada ya Kamati kukaa."

Ndani walikuwa wamekwisha anza kupanga siku ya harusi.